Mlango Uliowaketisha Maprofesa

Mlango wa jikoni kwetu ulikuwa na tabia yake. Ukiusukuma kama mlango wa watu, unagoma. Lazima uinue kitasa kwa mkono, kisha uupige kwa nyonga, pu, ndipo ukubali. Mke wangu aliupiga hivyo miaka thelathini na mmoja.

Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Fundi, hebu tazama mlango huu."

Nikamwambia, "Kesho."

Mimi ni seremala. Nusu ya milango ya mtaa huu nimeitundika mimi, na hakuna hata mmoja unaogoma. Wa kwangu ndio uliogoma. Kinyozi hajinyoi.

Nataka kuandika habari za binti yangu, kwa sababu mtaani zinasimuliwa vibaya. Mimi darasani sikukaa. Herufi alinifundisha mke wangu, kwa mkaa, kwenye vipande vya mbao vilivyobaki kazini. Kwa hiyo nitaandika kwa ufupi. Maneno mengi namwachia yeye, ndiye aliyeyasomea.

Tulimwita Msomi tangu ana miaka minne. Alikuwa anashika gazeti juu chini na kulisoma kwa sauti, na habari zake zilikuwa afadhali kuliko zilizoandikwa. Alipokua akawa mwalimu wa sekondari. Akifundisha habari za mfalme, anakuwa mfalme, na kiti kinakuwa farasi. Farasi wawili walivunjika miguu. Nikawatengeneza.

Siku moja akaja na barua mkononi.

"Baba, mama, nimepata nafasi ya uzamivu."

"Ndiyo nini hiyo?" mama yake akauliza.

"Kusoma mpaka mwisho."

"Kusoma nini?"

"Maigizo, mama. Tamthilia. Sanaa za jukwaani."

Mama yake akajifuta mikono. "Na huo mwisho uko wapi?"

"Miaka mitatu."

Ikawa saba.

Jirani yangu ni fundi viatu. Tunafanya kazi ukuta kwa ukuta, kwa hiyo hakuna kinachompita.

"Binti yako anasomea nini?"

"Kuigiza."

"Kuigiza kunasomewa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mke wangu hajaingia hata chekechea. Lakini mawifi zake wakipiga hodi tu, anaumwa mpaka unataka kuita gari la wagonjwa. Wakiondoka, anaimba. Huyo si profesa?"

Nikaendelea kupiga randa.

Chuoni alipewa msimamizi. Bwana mmoja wa koti la kahawia na simu mbili. Kazi ya msimamizi, nilivyoelewa mimi, ni kusema "bado".

Msomi alikwenda na wazo moja. Alitaka kuonyesha jinsi watu wanavyoingia chumbani. Alisema mtu akiingia na habari, mlango unaisema kabla yake. Mama yake akiwa na habari njema, ule mlango unalia hivi. Akiwa na habari mbaya, unalia vile. Aligundua hayo tangu utotoni, akiwa amekaa chini ya meza ya jikoni. Alitaka kuyafanya igizo, kisha ayaandike.

Msimamizi akasema, "Mama yako si chanzo. Tafuta pengo."

Seremala pengo analiziba. Wao wanalitafuta, na wakilipata wanakula sherehe.

Mwaka wa pili akamwambia hana kiunzi. Niliposikia kiunzi nilifurahi. Nikasema, hapo sasa ndipo pangu, nipe vipimo. Kumbe ni kiunzi cha nadharia. Hakina msumari wala hakibebi kitu.

Mwaka wa tatu kazi yake ilikuwa na jina refu hivi kwamba ukianza kulisoma chai ni ya moto, unamaliza imepoa. Kizingiti, Mwili na Ukinzani: Tathmini ya Awali Kuelekea Uelewa wa Kuingia.

Mama yake akauliza, "Kuingia wapi?"

"Kuingia tu, mama."

"Bila pa kuingilia?"

Nadhani swali hilo lilimpita msimamizi wake kwa mbali.

Mwaka wa nne alinituma nipeleke sura ya tano ofisini, yeye alikuwa darasani. Nikapiga hodi. Bwana yule alikuwa anaongea na simu moja na kuitazama nyingine.

"Shikamoo mzee. Weka hapo."

Hapo palikuwa lundo la makaratasi linalofika kifuani. Nikaweka juu, polepole, lisianguke. Nilipoinama nikaona meza yake. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Chini ya mguu kulikuwa na bahasha nene ya maua maua, imebanwa sawasawa. Ile bahasha aliichagua mke wangu dukani.

"Profesa, hii si kazi ya binti yangu?"

Akachungulia. "Eeh. Sura ya tatu hiyo. Naifanyia kazi."

"Naona. Inabeba uzito."

Kesho yake nilirudi na kabari ya mbao niliyoichonga kwa kipimo cha jicho. Nikainua meza, nikatoa bahasha, nikapachika kabari. Meza ikatulia. Bwana yule akanishukuru sana, akasema wakarabati wa chuo amewaandikia barua kumi na moja.

Msomi alipoiona bahasha nyumbani akashika kinywa. "Baba! Ameisoma?"

Mimi siwezi kusema uongo juu ya kazi. Nikamwambia, "Ilikuwa kazini."

Mwaka wa sita mama yake aliugua. Sitaandika mengi hapa. Hospitali, siku moja kabla, alimshika Msomi mkono, akauliza, "Wameshakuruhusu kuingia?"

Msomi akacheka, akalia.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mlango."

Nikamwambia, "Kesho."

Kesho yake asubuhi alikuwa amekwenda.

Msomi aliacha kuandika. Karatasi zilikaa sebuleni, mimi nikazifunika kitambaa zisiingie vumbi la mbao. Ikapita miezi. Ikaja barua ya chuo: miaka saba imetimia, mtahiniwa asipofika mbele ya wajumbe kabla muhula haujafungwa, jina lake linafutwa. Miaka saba inafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, kama hakuwahi kupita pale.

Alikaa na ile barua siku nzima. Jioni akaja karakana.

"Baba, nimeamua. Narudi kwenye wazo la kwanza. Nitalicheza mwenyewe, saa nzima. Nampeleka mama mbele yao."

"Vizuri."

"Nauhitaji mlango."

"Nitakuchongea mwepesi. Siku mbili."

"Sitaki wa kuchonga. Nautaka ule."

Nilimaliza msumari niliokuwa naupiga. Nikapiga mwingine, ambao haukuhitajika.

"Siku mbili," nikasema. Safari hii zilikuwa za kufikiri.

Niliutoa pamoja na fremu yake, ili tabia isibadilike. Kwenye tundu nikaweka pazia. Fundi viatu alinikuta naufunga juu ya mkokoteni.

"Mzee, unahama kwa vipande?"

"Unakwenda chuo kikuu."

"Mlango?"

"Eeh."

"Duh. Na mimi wa kwangu wa chooni niutafutie nafasi."

Chuoni walimpa ukumbi mdogo uliopakwa rangi nyeusi kila mahali. Mle ndani nilisimamisha kuta nne za mbao nyembamba, nikapata jiko letu, na viti vya wajumbe vikakaa ndani kwa ndani, karibu na meza. Pa kuingilia ni mahali pamoja tu, ule mlango.

Kabla hawajaja, Msomi alinieleza desturi yao. Wanaingia, wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wanakaa dakika kumi. Simu inaita. Wanaomba radhi, wanakwenda kikao kingine. Kisha wanaandika kwamba kazi haikujitosheleza. Wenzake wawili waliandikiwa hivyo.

"Wakitoka dakika ya kumi, baba, nimekwisha. Mama anaanza kuugua dakika ya arobaini."

"Usiwatazame," nikamwambia. "Wewe fanya kazi."

Walikuja watatu. Msimamizi na koti lake. Mwenyekiti, mzee mwembamba anayesinzia huku ametabasamu. Na mtahini wa nje, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa safari, aliyetoka chuo cha mbali. Niliwainulia kitasa, nikaupiga, wakaingia. Kisha nikaufunga. Sikukusudia kitu. Mlango hufungwa. Nikakaa pembeni kwenye kibao, ili kitu kikianguka fundi awepo.

Msomi alikuwa ameshatoka nje. Tukasikia kitasa. Pu. Akaingia amejifunga khanga ya mama yake, kikapu mkononi. Akanitazama mimi, si wao.

"Fundi, hebu tazama mlango huu."

Sauti ilikuwa ile ile. Nikatazama chini.

Dakika ya kumi, simu ya msimamizi ikaita. Akasimama, akainama kidogo kwa heshima, akanong'ona, "Samahani, nina kikao." Akashika kitasa, akavuta. Mlango ukakaa. Akavuta kwa mikono miwili. Ukatikisika, ukakaa. Mwenyekiti akaamka, akaenda kumsaidia.

"Sukuma."

"Huu unavutwa, profesa."

"Sasa vuta."

"Si ndiyo navuta!"

"Nani kaufunga?"

Maprofesa wawili, kitasa kimoja. Msomi alikuwa anakata vitunguu ambavyo havikuwepo. Bila kuinua uso, kwa sauti ya mama yake, akasema, "Baba, kaa chini. Chakula hakijaiva, unakwenda wapi na njaa?"

Wakatazamana.

"Ni sehemu ya onyesho," mwenyekiti akanong'ona.

"Aah."

"Hadhira inashirikishwa."

"Nilikwishaliona hilo," akasema msimamizi, akarudi kuketi. Akatoa kalamu akaandika kitu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mimi ningeweza kunyanyuka. Kuufungua ule mlango kwa ndani ni kuinua kitasa, kuugonga kwa nyonga, kisha kuuvuta. Lakini goti lilinishika. Liliniuma dakika hamsini kamili, kisha likapona.

Simu ya pili ikaita. "Zima hicho kitu," Msomi akasema, anakoroga sufuria tupu. "Kuna mtoto amelala hapa." Msimamizi akaizima. Kila Msomi alipotoka na kuingia, bwana yule alimkodolea mikono kama mtu anayetazama mchezo wa karata. Ujanja hakuuona. Alikuwa anatazama mikono, na kazi inafanywa na nyonga.

Siku ile niliona mengi niliyodhani nayajua. Alionyesha mama yake anavyoingia na habari kwamba mtoto amefaulu: mlango haulii, unapiga kelele. Anavyoingia baada ya kugombana na mimi: anaupiga mara mbili, ya pili ni yangu. Mwenyekiti alicheka hapo mpaka usingizi ukamtoka.

Kisha dakika ya arobaini. Msomi akatoka. Tukangoja. Kitasa kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena. Hakuna aliyepiga mlango. Tunakitazama kitasa kile kinapanda na kushuka, na nje kuna mtu.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Ni siku aliyotoka hospitali na majibu. Mimi nilikuwa ndani nakula, nikadhani amechoka. Nilimpigia kelele, "Si upige!" Msomi alikuwa uani siku ile. Baadaye aliniambia alimwona mama yake kwa nyuma, ameshika kitasa, ameegemeza paji la uso kwenye ubao. Mimi nilikuwa upande huu sijui.

Mle ukumbini hakuna aliyesema "si upige". Mtahini wa nje alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Hatimaye mlango ukafunguka, taratibu, bila pu, kwa kuegemewa tu na nyonga. Msomi akaingia, akaweka kikapu mezani, akaanza kupika. Akamaliza hapo.

Halafu wakakumbuka kwamba wao ni wasomi.

"Kwangu mimi," akasema msimamizi, "mlango unaokataa ni mamlaka."

"Hapana, profesa," akasema mwenyekiti. "Ni umauti. Unaingilika, hautokeki."

"Au ni lugha," akasema msimamizi. "Tumuulize aliyeuunda. Mzee, ulipokuwa unauunda, ulikusudia nini?"

"Bawaba ya juu imelegea," nikasema. "Mlango umeinama, unakwaruza chini."

Wakaandika wote wawili.

"Imelegea tangu lini?" akauliza mtahini wa nje. Yeye hakuwa anaandika.

"Miaka thelathini na mmoja, mama."

"Na wewe ni seremala."

"Ndiyo."

Akanitazama kidogo tu. "Mruhusuni huyu binti apite," akawaambia wenzake. "Mimi nimeshaona."

Alipita, kwa sharti la marekebisho madogo. Karatasi ilikuja na mihuri mitatu na marekebisho sita, wiki mbili tu, yasipotimia matokeo yanabatilika. La kwanza, apunguze jina la kazi. La pili, aongeze jina la kazi. La tatu, msimamizi atajwe zaidi. La tano na la sita ni nukta na mkato. La nne lilikuwa hivi: "Mlango urekebishwe ili kuruhusu wajumbe kutoka, na fundi athibitishe kwa maandishi."

Wakati huo mlango ulikuwa umesharudi jikoni. Nilikuwa nimeutundika vile vile, umeinama.

Msomi akasoma, akacheka. "Baba, we andika tu kwamba umerekebishwa. Hakuna atakayekuja kutazama. Hawa walishindwa kutazama sura ya tatu."

Fundi viatu naye akasema hivyo hivyo kupitia ukutani. "Andika, tia dole gumba, mtoto apate cheo. Mlango gani utakaokwenda kukushtaki?"

Lakini mimi sijawahi kutia mkono kwenye kazi ambayo sijaifanya. Miaka hamsini. Nimekosa mengine mengi, hilo sijakosa. Na kuurekebisha nako sikutaka. Kwenye ule ubao, usawa wa nyonga yake, rangi imelika, pana pa ukubwa wa sahani. Kila nilipoinua kitasa na kupiga, nilikuwa napiga pale pale. Tangu azikwe, kitu kingine tunachofanya pamoja hakuna.

Siku ya kumi Msomi aliuliza, "Umeandika?"

"Kesho," nikasema.

Tukatazamana. Neno lile nyumbani kwetu limeshafanya kazi yake.

Akaenda shule kufundisha. Mimi nikachukua bisibisi. Bawaba ya juu, skrubu mbili ndefu. Bawaba ya chini, kipande chembamba cha mbao nyuma yake. Randa sikuigusa, rangi sikuigusa. Nikausukuma kwa kidole kimoja. Ukaenda wenyewe, kimya, mpaka ukutani.

Dakika nne. Nilitazama saa. Nilikaa chini pale kizingitini, sikuinuka mpaka jua lilipohama.

Kisha nikachukua karatasi nikaandika: Mlango umerekebishwa. Fundi. Nikampa aliporudi, akaikunja bila kuuliza, akaipeleka chuoni. Kwa kuwa anapitia mlango wa mbele na mimi ndiye ninayepika siku hizi, ya jikoni hakuyajua. Wakampigia mhuri.

Siku ya mahafali alirudi na joho hadi kwenye vifundo na kofia bapa kama kibao cha kukatia mboga. Mikono imejaa maua aliyopewa na wanafunzi wake. Akapitia uani, kama zamani, anaita, "Baba! Msomi ameingia!" Nilikuwa jikoni. Nikaona kitasa kinainuka. Nikafungua kinywa.

Pu.

Mlango haukuwepo wa kumpokea. Alipita nao mpaka ndani, akatua kwa magoti, kofia ikatangulia chini ya meza, maua yakafika kwenye sufuria.

"Baba!"

"Nimeurekebisha."

"Nilidhani umeandika tu!"

"Mimi?"

"Si ungeniambia!"

"Nilikuandikia barua. Iko chuoni, ina mihuri."

Alicheka akiwa bado chini, amelala juu ya joho lake. Kisha akaacha kucheka, akageuka akautazama ule ubao, pale palipolika. Nikamnyooshea mkono, hakuinuka. Basi nikakaa chini na mimi.

Mimi mwenyewe nimeshaanguka mara mbili tangu siku ile. Mwili haujaambiwa. Meza nimeisogeza mbali kidogo, isije ikatuumiza.